Rangi ya Valvu ya Tatu

Saa saba kasoro robo mchana, watu wakitoka kuswali adhuhuri, Mwanasiti binti Mbaruku alivuka Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani, na sinia la chakula kichwani. Siku hiyo alikuwa amepika wali wa nazi, mchuzi wa changu na kachumbari ya pilipili mbichi. Aliingia karakana ya mumewe kwa mlango wa nyuma, akatua sinia juu ya pipa lililogeuzwa, akapiga kikohozi kidogo ili Hatibu atoke chini ya gari.

Wakala. Walipomaliza, Hatibu alikwenda kuleta sinia la pili, la bati, ambalo halikuwa na chakula. Lilikuwa na valvu nane za gari dogo la karani wa posta, zimepangwa kwa mfuatano kama zilivyotoka kwenye injini.

"Haya, Mama Asmahani," alisema. "Nisomee."

Mwanasiti aliziinua moja moja akizigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Hii chai ya maziwa. Hii pia. Hii chai, ila maziwa yamezidi. Hii masizi ya chungu."

"Makavu au ya mafuta?"

Akapitisha kidole. "Makavu."

"Kabureta inamwaga petroli," alisema Hatibu, akainuka kwenda kuifungua.

Fundi Hatibu alizaliwa haoni rangi. Dunia yake yote ilikuwa ya kijivu, kizito hapa na chepesi pale, na yeye alikuwa ameizoea. Mikono yake ilikuwa na ufundi usio na mfano kutoka Pangani hadi Horohoro. Alijua kwa sikio kama pistoni imechoka, na kwa kunusa alijua kama mafuta yamechanganyika na maji. Lakini ugonjwa wa injini unajionyesha kwenye rangi ya valvu, na hapo ndipo alipomhitaji mkewe. Valvu ya rangi ya chai ni ya injini yenye afya. Nyeupe kama chokaa ni ya injini inayoungua kwa kukosa petroli ya kutosha. Nyeusi kavu inakula petroli kupita kiasi, na nyeusi yenye kung'aa kama sufuria ya kukaangia sambusa inakunywa oili. Mwanasiti hakuwahi kushika spana, lakini kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amezisoma valvu za nusu ya magari ya Tanga. Ngamiani nzima ilijua jambo hilo na hakuna aliyelitaja. Wateja walikuwa wakileta magari yao asubuhi na kusema, kana kwamba hawana haraka, "Tutarudi baada ya chakula, Fundi."

Baada ya masika ya mwaka hamsini na tatu, valvu zilianza kusema zaidi ya zilivyoulizwa. Teksi ya Haji Sadalla, iliyokuwa ikibeba maharusi kila mwisho wa juma, ilitoa valvu nne zenye rangi ya hina ya siku ya pili. Basi la Moa lilitoa valvu zinazometa kama tumbo la dagaa. Gari la mkunga wa hospitali lilitoa moja yenye rangi ya maziwa ya kwanza ya mzazi, yale mazito ya kimanjano. Mwanasiti alizisoma kama alivyosoma nyingine, na Hatibu akauliza kama gari linavuta vizuri. Likiwa linavuta vizuri alizifuta kwa kitambaa, akazirudisha. Haji Sadalla alipoambiwa kuhusu hina, alitikisa kichwa akasema ndiyo, mwezi huo maharusi walikuwa kumi na mmoja.

Ndipo mwezi wa saba, mwaka hamsini na nne, lori la shamba la mkonge la Kwembago likaletwa.

Dereva wake alikuwa Timotheo, Mbondei wa Magila, mtu mzima mwenye shingo nene na sauti ndogo. Alimwamkia Mwanasiti, "Shikamoo, mama," ingawa hawakupishana sana umri, akaitikiwa marahaba, kisha akamweleza Hatibu shida yake huku akitazama ukuta.

"Linazima, Fundi. Nikitoka shambani kuja mjini na marobota, nikifika ile kona ya maili kumi na nne, juu ya kijito, linazima. Si mlimani, hapana. Barabara pale ni sawa kama meza."

"Halafu?"

"Nakaa kidogo. Nikipiga hendeli mara moja, linawaka. Linakuja mpaka bandarini bila neno."

"Na ukirudi?"

"Nikirudi halizimi. Napita pale kama maji."

Hatibu alikagua tangi, mirija ya petroli, pampu, plagi, nyaya na betri. Kila kitu kilikuwa salama. Siku ya pili alifungua hedi, akatoa valvu kumi na mbili, akazipanga kwenye sinia la bati na kumsubiri mkewe aje na chakula.

Kumi na moja zilikuwa chai ya maziwa, nzuri kabisa. Ile ya kutolea moshi ya silinda ya tatu, Mwanasiti aliishika muda mrefu. Aliipeleka dirishani, akatoka nayo uani, akarudi.

"Sina jina lake," alisema.

Hatibu aliweka chini spana. Tangu amwoe hakuwahi kumsikia akisema hivyo.

"Iko karibu na ganda la komamanga lililokauka," alisema Mwanasiti. "Lakini komamanga halina kijani chini yake. Ukiinamisha inakwenda kwenye kutu. Ila kutu ni kavu, na hii..."

"Na hii nini?"

"Hii imevaliwa, Baba Asmahani. Ni rangi iliyovaliwa na mtu."

Hatibu alifikiri. Alisema kwamba hawezi kutibu kitu kisicho na jina, ila anaweza kujaribu. Akachukua valvu mpya kabatini, akaisaga ikae vizuri kwenye kiti chake, akafunga hedi na kumpa Timotheo lori. Jumatatu iliyofuata Timotheo akarudi. Lilikuwa limezima palepale. Walipofungua, valvu mpya ya silinda ya tatu ilikuwa na rangi ileile, wala haikuwa imefifia hata kidogo.

Mwanasiti alifunga valvu ya kwanza kwenye pindo la kanga yake, akaenda kutafuta jina. Mwenye duka la vitambaa wa Barabara ya Nane alimteremshia majora kumi na saba, na hakuna lililolingana. Muuza viungo alidhani ni mdalasini uliolowa, akaitazama tena, akasema hapana. Siku ya tatu alifika kwa Bi Chiku wa Chumbageni, aliyekuwa akitia rangi ukili wa mikeka tangu enzi za Wajerumani. Bi Chiku aliishika valvu, akainusa, akaigusisha ulimini.

"Hii ni magome ya mkoko," alisema. "Lakini aliyeyachemsha si mtu wa pwani. Ametia na mzizi wa kwao, wa bara huko, na amechemshia kwenye debe lenye kutu kwa kuwa hana chungu. Kwa nini unazunguka mji mzima, mwanangu? Nenda lilikotoka hilo lori."

Basi Alhamisi asubuhi Mwanasiti alimuaga mumewe, akapanda mbele ya lori la Kwembago, mkoba wa mihogo ya kuchoma mapajani. Timotheo aliendesha kwa uangalifu. Walipofika maili kumi na nne lori halikuzima, maana walikuwa wakielekea shambani. Lakini Mwanasiti aliona kuwa dereva amekaza macho mbele na kwamba shingo yake nene imelowa jasho, na ilikuwa asubuhi ya baridi ya kipupwe. Alimpa kipande cha muhogo, naye akakishika mpaka wakafika bila kukila.

Kambi ya Kwembago ilikuwa na mistari minane ya vyumba vya matofali, na ndani yake waliishi manamba walioletwa kwa mikataba kutoka mbali, wengi wao Songea na ng'ambo ya huko. Mwanasiti alitembea mstari kwa mstari akitazama nguo zilizoanikwa. Aliona kaki, aliona marekani, aliona buluu ya duka. Nyuma ya mstari wa mwisho alimkuta mwanamke mrefu mwembamba akifua kwenye debe. Juu ya kamba yake kulikuwa na foronya moja.

Mwanasiti akafungua pindo la kanga. Hakuwahi hata kuamkia.

"Umeipata wapi rangi yangu?" aliuliza yule mwanamke.

Jina lake lilikuwa Praxeda. Alikausha mikono, akaichukua valvu, akaiweka kando ya foronya, na huwezi kusema kipi kimekatwa katika kipi. Akamwambia mgeni aketi. Alikuwa na kigoda kimoja, akampa, yeye akakaa juu ya debe jingine lililopinduliwa.

"Niliitia mwenyewe," alisema. "Kitambaa kilikuwa cha gunia la unga. Nikamshonea Kristofa shati, kilichobaki nikafanya foronya. Wenzake wakamcheka, shati gani hilo. Yeye akalipenda. Alikuwa akilivaa siku za kwenda mjini tu."

Kristofa, mumewe, alikuwa mpakiaji. Lori likienda bandarini, yeye ndiye aliyekaa juu ya marobota ya singa za mkonge. Mwezi wa tatu aliondoka hivyo asubuhi moja na hakurudi. Jioni nyapara alikuja mlangoni na kitabu, akasoma kwamba manamba nambari mia nne na sita amekuwa mtoro. Baadaye walisema ameonekana Mombasa.

"Na wewe ukasadiki?" aliuliza Mwanasiti.

"Dada, mtu anayekimbilia Mombasa huacha viatu?" Praxeda alionyesha mlangoni. Viatu vilikuwa pale, vimepakwa rangi nyeusi, vimeelekea nje. "Nikaenda kwa padre, nikamwomba asome misa ya marehemu. Akasema hawezi kumsomea misa mtu aliye mtoro, maana mtoro yuko hai. Basi mimi si mjane, na mume sina. Mwisho wa mwezi huu wanakitaka chumba. Ni cha watu wenye mkataba."

Mwanasiti alivitazama viatu. Kisha akainuka, akapaza sauti kuelekea kwenye lori lililokuwa likipakiwa karibu na korona, ile mashine ya kukamulia mkonge. "Timotheo! Hebu njoo hapa, baba."

Timotheo alikuja. Aliiona valvu mkononi mwa Praxeda, akavua kofia.

"Kamba ilikatika," alisema, kabla hajaulizwa. "Tulipokata ile kona. Robota lilimwangusha, jingine likamwangukia. Hakusema neno. Nilimshika hivi." Akaonyesha jinsi alivyomshika, mikono yake mizito ikiwa imebeba hewa. "Kamba ilikuwa na mafundo matatu. Kristofa mwenyewe alikuwa ameomba nyingine wiki ile, akaambiwa singa ni za kupeleka ng'ambo. Meneja alikuja na gari lake. Akasema mtu akifa itabidi iandikwe imekuwaje, na mkaguzi wa kazi yuko njiani. Tukamzika pale chini, kando ya kijito, mimi na wenzangu wawili. Nikaambiwa nikisema, sitaendesha tena. Nina watoto sita, mama."

Alikuwa akisema na Praxeda sasa. Praxeda alimtazama mpaka akamaliza. Kisha akarudi kwenye debe lake, akaikamua nguo iliyokuwa majini, akaikung'uta, akaianika, akainyoosha ncha zote nne. Alipokosa kitu kingine cha kufanya akaketi chini, na Mwanasiti akaketi pamoja naye, mgongo kwa mgongo kama wanavyokaa watu waliochoka, mpaka jua likapinduka. Praxeda alilia kwa kirefu bila sauti. Katikati ya kulia aliuliza, "Mlimzika na shati?"

"Nalo," alisema Timotheo.

"Haya."

Wanawake hao wawili walimkuta meneja kwenye baraza ya nyumba kubwa, na jina la Timotheo hawakulitaja. Hakuwa mtu wa makelele. Aliwakaribisha mpaka ngazi ya mwisho, akasikiliza yote kwa Kiswahili kizuri, akaichukua valvu na kuigeuza.

"Rangi nzuri," alisema. "Lakini valvu ni jambo la magari. Kitabu cha kazi ni jambo jingine."

"Bwana, mtu amekufa," alisema Mwanasiti.

"Kitabu kinasema ametoroka."

"Lori lako linasema yuko maili kumi na nne."

Meneja akafikiri kwa haki kabisa. "Kama yuko," alisema, "aje asubuhi aitwe jina na aitikie. Asipoitikia ni mtoro." Akarudisha valvu kwa mikono miwili, kwa adabu, akawatakia safari njema.

Praxeda hakungoja mwisho wa mwezi. Alifunga foronya, sufuria, rozari na viatu vya mumewe kwenye furushi moja, akapanda mbele pamoja na Mwanasiti. Marobota yalikuwa yameshafungwa kwa kamba ileile, sasa ina mafundo manne. Walipofika maili kumi na nne lori lilikohoa, likazima.

Kijito kilisikika chini. Ndege wadogo walikuwa kwenye mkonge. Baada ya muda wa kumtosha mtu kupanda kutoka kijitoni kwa mwendo wa kawaida, nyuma ya lori chuma kililia, springi ya kushoto ikashuka kidogo, kama inavyoshuka mtu mmoja anapopanda. Robota moja lilisogea, likatulia. Timotheo akateremka, akapiga hendeli mara moja. Likawaka.

"Huwa anakaa upande huo," alisema Praxeda. "Anasema upepo wake mzuri."

Walifika Ngamiani kabla ya alasiri. Mbele ya karakana Timotheo alisimama ili wanawake wateremke, na springi ya nyuma ikainuka. Praxeda alisimama barabarani na furushi lake, akavitoa viatu, akaviweka chini, vimeelekea kwake. Akangoja kidogo, akaviinua tena.

"Karibu," alisema. "Njia ilikuwa ndefu."

Hatibu alitoka akifuta mikono. Mwanasiti alimweleza yote kwa ufupi kadiri alivyoweza, kisha akamwekea valvu kiganjani. "Inaitwa Kristofa," alisema. "Hilo ndilo jina lake."

Hatibu aliitazama, akaisogeza karibu na uso, akaisogeza mbali.

"Hii naiona," alisema.

"Unaionaje?"

"Naiona. Si kijivu." Aliendelea kuitazama. "Kumbe ndivyo zilivyo. Ni kitu kizuri, rangi."

"Na nyingine?" aliuliza Mwanasiti. Alichukua valvu za gari jingine kutoka sinia la bati, akamwonyesha. "Hizi je?"

"Hizo kijivu. Kijivu chepesi."

Mwanasiti alishusha pumzi. Alifurahi kwamba mumewe ameona rangi moja katika maisha yake. Alifurahi pia kwamba ni moja tu, na kwamba kesho atamhitaji tena baada ya chakula. Furaha hiyo ya pili aliionea haya kidogo, akaificha kwa kuokota sinia.

Kuhusu lori, Fundi Hatibu alitoa uamuzi wake jioni ileile. "Injini haina ugonjwa," alimwambia Timotheo. "Ina abiria. Wewe zima mwenyewe ukifika pale, usingoje izime kwa nguvu, hiyo ndiyo inayoichosha. Springi ikishuka, washa, uende."

Aliliandika hilo kwenye karatasi ya karakana, akaipeleka Kwembago. Meneja alipenda mambo yaliyoandikwa. Alichapisha agizo, likabandikwa ndani ya lori karibu na usukani: Maili kumi na nne, simama dakika tatu. Lori halikuzima tena lenyewe hata siku moja. Kwa upande wa kitabu, nyapara aliita nambari mia nne na sita asubuhi tatu mfululizo, akiacha nafasi ya kutosha baada ya kila mwito. Haikuitika. Akaandika mtoro kwa mara ya pili, chini ya mara ya kwanza, kwa wino mpya. Mkaguzi wa kazi alikuja, akasoma kitabu, akakisifu kwa usafi wake. Kamba ilifikia mafundo matano.

Praxeda alipata chumba uani kwa Mwanasiti, kile alicholala binti yake Asmahani kabla hajaolewa Pangani. Alinunua chungu, Bi Chiku akamwonyesha mahali penye mkoko mzuri, na pole pole akaanza kuwatilia watu nguo rangi. Jumatatu na Alhamisi lori lilipopita, alikuwa akiviweka viatu mlangoni. Siku hizo alipakua sahani mbili. Ya pili ilichelewa kupoa kuliko ilivyopaswa, na kitanda upande wa ukutani kilibonyea. Asubuhi foronya ilikuwa na harufu ya singa. Mwanasiti alisikia mara nyingine, akipita na ndoo, Praxeda akieleza habari za wiki kwa sauti ya kawaida, na kunyamaza pale ambapo mtu angejibu, na kucheka.

Praxeda alikwenda tena kwa padre, huyu wa mjini, akamweleza kila kitu tangu mwanzo. Padre alifunga macho muda mrefu. Akasema kwamba sasa anasadiki Kristofa amefariki, lakini angeona shida kumwombea pumziko la milele mtu anayekuja nyumbani mara mbili kwa wiki.

"Basi uache, Baba," alisema Praxeda. "Mara mbili zinanitosha. Wengine hapa waume zao wako hai na hawaji hata hizo."

Timotheo aliendelea kuendesha. Alikuwa akisimama dakika tatu zake, kofia mkononi, na baada ya miezi michache akaanza kusalimia springi inaposhuka. Jasho lilimpungua. Kila lori lilipofika kusagwa valvu, Mwanasiti alisoma kumi na moja chai ya maziwa na moja Kristofa, na Hatibu alikuwa akiisubiri hiyo ya mwisho, akaitazama kidogo kabla ya kuirudisha, kama mtu anayeonja.

Jina likatoka karakana likaingia mjini. Mafundi walilisema kwanza. Kisha mwenye duka wa Barabara ya Nane, baada ya kuulizwa na wanawake wengi, alianza kumpa Praxeda majora ya marekani ayatie, akaweka dirishani kibandiko: Kristofa, rangi imara. Mwaka wa hamsini na sita, sikukuu ya Idi, Barabara ya Kumi na Mbili ilijaa vijana wenye mashati ya Kristofa na wasichana wenye vitambaa vya kichwa vya Kristofa, na hakuna aliyewacheka.

Siku moja ya mwezi wa tisa, saa nne asubuhi, gari la shamba la Kwembago lilisimama mbele ya nyumba ya Mwanasiti, na mke wa meneja akateremka. Alikuwa mama mpole, mwenye kofia ya majani, na alikuwa na kipande kidogo cha kitambaa alichokatiwa dukani. Mwanasiti alimkaribisha ukumbini, akamwita Praxeda.

"Wameniambia ni wewe unayeitia hii," alisema mama yule. "Nataka yadi ishirini na nne. Mapazia ya chumba cha kulia."

Praxeda alikishika kitambaa, akakigeuza.

"Mume wangu ameipenda sana," alisema mke wa meneja. "Anasema aliwahi kuiona mahali, hakumbuki wapi. Inaitwaje?"

"Kristofa."

"Jina zuri."

"Ndiyo, mama."

Mwanasiti alileta chai ya maziwa. Mgeni alikunywa, akaisifu. Waliongea kuhusu mvua za vuli kama zitawahi, na kuhusu joto la Tanga. Praxeda alipima kwa mkono kwenye meza, akauliza urefu wa madirisha na upana wake, akauliza kama yanapata jua la asubuhi au la jioni, maana rangi nyingine hufifia.

"La asubuhi," alisema mke wa meneja. "Yanatazama barabara. Ukikaa mezani unaona malori yote yanayotoka."

Praxeda alifikiri, akahesabu kwa vidole siku za kuchemsha na siku za kuanika.

"Yatakuwa tayari Alhamisi," alisema. "Uyaweke chini kidogo, yaguse sakafu. Na madirisha uyaache wazi. Kristofa anapenda upepo."